Njumu za shaba zinapasuka zenyewe ghalani: kosa ni la bati, la nyundo au la mahali?

Fundi wa Kikwajuni ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu mafundi. Mimi hutengeneza njumu, yaani vile vichwa vya shaba ya manjano vinavyopamba milango ya kuchonga, na mwaka jana nilipokea kazi ya mlango mmoja wa Mji Mkongwe uliohitaji njumu 120 za kujazia zilizopotea. Sikuzisubu, kwa kuwa mwenye nyumba alitaka ziwe nyepesi. Nilikata maduara katika bati la shaba la unene wa milimita 1, nikayafua baridi juu ya kalibu ya chuma mpaka yakapata umbo la kuba, kisha nikayang'arisha. Zilipotoka mkononi mwangu zilikuwa nzima kabisa, hata ukucha haukupata pa kukwama.

Mbao zilichelewa, kwa hiyo nikaziweka ghalani tangu Februari. Mwezi wa Mei, masika bado yakinyesha, nilifungua sanduku nikakuta zaidi ya 30 zimepasuka. Ufa ni mwembamba na umenyooka, unaanzia ukingoni na kupanda kuelekea kileleni, na hakuna mtu aliyezigusa. Nilidhani nimezipiga kwa nguvu kupita kiasi, nikatengeneza kumi nyingine kwa nyundo ya mti. Mbili kati ya hizo zikapasuka baada ya wiki tatu. Mwenye duka la bati ameapa kuwa bati lake halina kasoro, nami nimelikunja na kulikunjua bila kuona dosari. Naombeni msaada wa dhati, kwa sababu nimekwisha pokea fedha ya watu na sitaki kugongomea mlangoni kitu ambacho kitafunguka mwakani.

Mfua madele, Mkoani:

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Shaba ikifuliwa baridi hukakamaa, na kila pigo huikakamaza zaidi, mpaka inafika mahali ambapo haiwezi tena kunyooka bali inakatika. Sisi tunaofua madele ya kahawa hatupandishi shingo ya dele kwa mkupuo mmoja. Tunafua kidogo, tunairudisha motoni mpaka ionyeshe wekundu hafifu kivulini, tunaiacha ipoe, ndipo tunaendelea, na dele moja linaweza kurudi motoni mara sita au saba. Usiogope kuitia maji baada ya kuichoma, kwani shaba si chuma cha pua, haigeuki ngumu kwa kupozwa ghafla. Ila usiitie maji wala kuipiga ikiwa bado nyekundu, kwa sababu shaba yenye madini ya risasi ndani yake huvunjika kama biskuti ikiwa na moto. Na ukiona moshi mweupe unapanda, umezidisha: hiyo ni zinki inaungua, na ukiuvuta moshi huo utalala na homa usiku.

Lakini nikuambie kweli, kilichonishangaza ni kwamba zilipasuka zikiwa zimelala. Dele langu likipasuka hupasuka chini ya nyundo, nikiliona. Hilo lako sijalikuta katika miaka yangu yote ya kazi, na ningependa wenzetu walieleze.

Mtoto wa Malindi aliye Marekani:

Ndugu yangu, mimi si mfua shaba, ila ugonjwa huu naufahamu kwa njia nyingine. Huku niliko, penye ruhusa ya sheria, nina kibali cha bunduki ya kulengea shabaha, nayo ni ya aina inayojitoa ganda na kujipakia yenyewe. Maganda yake huyakusanya na kuyajaza upya, na maganda hayo ni shaba ya manjano vilevile, sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Jambo la kwanza tunalofundishwa ni kutenganisha majeraha. Kuna jeraha la kupigwa: bunduki ya namna hii hulitoa ganda kwa kishindo, likagonga chuma cha ubavuni na kubonyea mdomo au tumbo, na hilo nimelipunguza sana kwa kubandika kipande laini pale linapogonga. Kuna jeraha la uchovu: mdomo wa ganda hutanuka kila risasi inapotoka, kisha hubanwa tena wakati wa kujaza, unakakamaa, mwisho unapasuka kwa urefu. Dawa yake ni hiyohiyo aliyoitaja Mzee wetu wa Mkoani, kuupasha moto mdomo peke yake, huku sehemu ya chini, ambayo hubeba mshindo, ikilindwa isilainike hata kidogo.

Jeraha la tatu ndilo nadhani limekupata. Katika karne ya 19 majeshi ya Uingereza yaliyokuwa India yaliweka risasi zao katika mazizi ya farasi wakati wa mvua, na maganda yakapasuka yakiwa ndani ya masanduku. Kwa kuwa yalipasuka majira ya mvua, wakauita ugonjwa wa msimu. Sababu ilikuja kuelezwa mwaka 1921 na watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson: mkojo wa farasi ulitoa amonia, ile hewa yenye harufu ya kuchoma, na amonia hiyo ilipokutana na mkazo, yaani nguvu ya kujivuta iliyobaki ndani ya shaba iliyovutwa baridi, shaba ikafunguka. Tangu niyasome hayo sisafishi maganda yangu kwa dawa yoyote yenye amonia. Sasa nakuuliza maswali mawili: ghala lako linapakana na nini, na njumu ulizing'arisha kwa dawa gani?

Fundi wa Kikwajuni:

Nimesoma swali lako nikanyamaza kwa muda. Ghala ni chumba cha uani, na ukuta wake mmoja ndio ukuta wa banda la kuku la jirani yangu, lenye tundu za hewa zinazofunguka upande wangu. Wakati wa masika harufu inachoma macho. Dawa ya kung'arishia ni ya kopo, na sasa nimesoma maandishi madogo ya nyuma nikakuta amonia imetajwa.

Maalim wa kemia, Chake Chake:

Basi jibu limekamilika, Fundi, na lina pande mbili ambazo lazima zikutane: mkazo ndani ya shaba na amonia nje yake, pamoja na unyevu wa kuiyeyusha hiyo amonia juu ya bati. Bati lako la bapa halikupasuka ghalani kwa sababu halikuwa na mkazo wa kutosha, na njumu zako zisingepasuka haraka hivyo kama zingekaa mahali pakavu pasipo na kuku. Ndiyo maana nyundo ya mti haikukusaidia: ukingo wa kuba unavutwa na umbo lenyewe, uwe umepiga kwa mti au kwa chuma. Usiuchanganye ugonjwa huu na ule wa bahari, ambao hapa visiwani tunauona zaidi. Chumvi ya bahari huitoa zinki katika shaba taratibu ikaacha mabaka ya rangi ya waridi, yenye vitundu na tepetepe. Ufa wako ni mkavu na safi, na bati pembeni yake bado ni zima.

Dawa si kuzichoma mpaka ziwe nyekundu, kwa maana utazilainisha na zitabonyea siku ya kugongomewa. Zipashe baada ya kumaliza kuzifua, kati ya nyuzi 250 na 300 za sentigredi, kwa muda wa saa moja, kisha ziache zipoe zenyewe. Joto hilo huuondoa mkazo mwingi, na ugumu uliopatikana kwa nyundo unabaki karibu wote. Ikiwa huna kipimajoto, weka kando ya njumu kipande cha chuma cha kawaida kilichosuguliwa kwa msasa mpaka kikang'aa. Kitaanza kuwa na rangi ya majani makavu, kitaingia hudhurungi, na kinapofika zambarau kikielekea buluu uko kati ya nyuzi 280 na 300. Hapo usiongeze moto.

Ukitaka uhakika kabla ya kumkabidhi mwenye mlango, chukua njumu tano zilizopashwa na tano ambazo hazikupashwa, zining'inize ndani ya ndoo yenye kifuniko, juu ya kikombe cha amonia, pasipo kugusana nayo, na uziache usiku kucha. Lifanye hilo nje, uani kwa watu wasiopita, wala amonia isikaribiane na jiki, kwa sababu zikichanganyika hutoa hewa yenye sumu.

Mfua madele, Mkoani:

Nimejifunza, Maalim, Mungu akulipe. Naongeza mambo mawili tu. Mwanangu, usije ukashawishika kuzipasha katika tanuri la bofulo kwa kuwa joto lake linakaribia hilo. Mabaki ya dawa na madini ya risasi yaliyomo katika bati hayafai kukaa pamoja na mkate wa watu. Tumia sufuria nzito yenye mchanga mkavu juu ya mkaa, uzifukie njumu humo pamoja na hicho chuma cha Maalim, na ukifukue mara kwa mara ukitazame. La pili, kung'arisha: wazee wetu walitumia ukwaju, kisha jivu laini, kisha maji mengi na kitambaa kikavu. Mng'aro wake unachelewa, lakini hauna amonia.

Fundi wa Kikwajuni:

Nimefanya kama mlivyonielekeza. Mchanga ulichukua muda mrefu kushika joto, na mara ya kwanza chuma kilinipita kikawa buluu iliyoiva, nikazitenga zile njumu. Fungu la pili lilitoka vizuri. Katika ndoo, njumu tano zilizopashwa zilipata weusi tu ambao ukwaju umeuondoa. Kati ya tano ambazo hazikupashwa, nne zilikuwa zimepasuka asubuhi, ufa ukiwa uleule wa kutoka ukingoni. Nilizionyesha kwa mwenye nyumba ili aelewe kwa nini nimechelewa, naye akakubali kunisubiri.

Zile ambazo hazikupasuka sanduku la kwanza nazo nitazipasha zote, baada ya kuzikagua moja moja kwa kioo cha kukuzia, na yoyote yenye ufa hata kama unywele nitaiyeyusha. Sanduku limehamia chumbani kwangu. Swali dogo limebaki kwa Mzee: matundu ya misumari niyatoboe kwanza kwenye mbao, au nigongomee moja kwa moja?

Mfua madele, Mkoani:

Toboa kwanza, hasa kama mbao ni za msaji. Ukigongomea kwa nguvu mpaka njumu ikakaza juu ya mbao, umeurudisha ule mkazo uliokaa saa nzima ukiutoa.