Naombeni ushauri: kujitolea kama ofisi ili kurudisha morali ya wafanyakazi

Wakuu habari zenu, mimi nasimamia wafanyakazi kwenye kampuni ya usafirishaji mizigo hapa Dar, watu kama 40 hivi, na tangu wenzetu wapunguzwe morali imeshuka kabisa, watu wanakuja wanakaa kimya saa kumi na moja ikifika hao wameondoka, hata utani wa mchana haupo tena.

Sasa mwezi wa sita, ile siku ya wachangia damu tarehe 14, madereva wenyewe wakaomba ruhusa tukachangie damu, tukaenda na watu wa ofisini pia. Aisee ile siku sijawahi kuona watu wetu wamechangamka vile, dereva na mhasibu ambao huwa wanagombania risiti za mafuta wamekaa pamoja na soda wanacheka, na walipoambiwa chupa moja ya damu inaweza kusaidia hadi wagonjwa watatu walifurahi mno.

Nataka iwe kawaida lakini damu mwanaume anasubiri miezi mitatu mwanamke minne, kwa hiyo katikati nahitaji kitu kingine. Bosi anasema tufanye usafi ufukweni Jumamosi na kila mtu aje, mimi naona ukimlazimisha mtu siku yake ya kupumzika hapo sio kujitolea tena, ni adhabu tu, ila akipewa nusu siku ya Ijumaa yenye malipo atakuja kwa moyo.

Waliowahi kufanya hivi makazini kwao, bosi mlimshawishi vipi akubali muda wa kazi? Na mlichaguaje shughuli bila HR kuwaamulia?