Mnaandika wapi vitu mlivyochukulia tu kuwa viko hivyo?

fundi_sistemu: Wadau habari zenu. Nimerithi sistemu ya duka moja hapa Mombasa, ilijengwa 2016. Juzi nimekaa na keshia, mteja kataja namba ya 0110 sistemu ikakataa, keshia wala hakushtuka akamwambia "nipe ya mwenzako ya 07", kumbe ndo wanavyofanya miaka yote! Kuzama kwenye kodi (maandishi ya programu, siyo ushuru) nikakuta mstari mmoja unataka namba ianze na 2547, yaani 07 ikiandikwa na 254 ya Kenya mbele, na komenti ya kueleza kwa nini hamna. Aliyeandika hakukosea maana namba za 01 zimekuja 2019, lakini mimi ningejuaje? Na zimejificha ngapi kama hiyo? Nyie mnaziandikaje?

bintipwani: Pole ndugu. Sisi tuliziweka kwenye dokumenti ya pembeni, hakuna aliyeifungua tena. Sasa tunaandika kwenye faili linalokaa folda moja na kodi yenyewe: tumechukulia nini, kwa nini, na ikibadilika nini kitaharibika. Hilo la mwisho usiliache kabisa, maana ndo litamwambia anayekuja baada yako aguse wapi.

mzee_wa_seva: Someni habari ya roketi ya Ariane 5, 4 Juni 1996, ililipuka sekunde kama 40 tu tangu ianze safari. Programu ya kuiongoza ilitolewa Ariane 4, na hii mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda mlalo, namba ya kasi hiyo ikagoma kuenea kwenye biti 16, yaani nafasi iliyotengewa kwenye kompyuta. Kinachoniuma ni kwamba wale mainjinia walilijadili! Namba 7 zilikuwa hatarini, wakazikinga 4, 3 wakaziacha ili kompyuta isizidi asilimia 80 ya uwezo wake. Tume ya uchunguzi ilipoangalia kwenye kodi, sababu ya kuziacha haikuandikwa humo.

bintipwani: Na ukiweza kila ulichochukulia kiandikie testi kabisa, yaani kodi ndogo inayokikagua na kulalamika kikibadilika, faili halipigi kelele.

fundi_sistemu: Asanteni sana, nimeanza leo leo na nimeshakuta ya pili. Asilimia ya VAT imeandikwa moja kwa moja ndani ya programu, sehemu nne. Iliposhuka 14% Aprili 2020 mtu akazibadilisha zote, ilivyorudi 16% Januari 2021 akarudisha tatu. Ya nne ni risiti ya kurudisha bidhaa, bado inapiga 14. Ngoja nikamtafute mhasibu kwanza.