Hisa yenye asilimia 12 au yenye asilimia 6: ipi inamfaa mkulima wa korosho?

MkoroshoWaNewala
Wakuu, habari za jioni. Fedha za mnada zimeingia, na baada ya kulipa madeni na ada za watoto nimebakiwa na shilingi milioni 2. Ninalinganisha hisa mbili za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ya kwanza inauzwa shilingi 1,000 na mwaka jana ilitoa gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, la 120 kwa kila hisa, sawa na asilimia 12 ya bei; ya pili inauzwa 900 na ilitoa 54, yaani asilimia 6. Mimi naiona ya kwanza, lakini kijana wangu ananizuia.

MzeeWaMikindani
Ndugu yangu, kijana ana hoja. Asilimia hiyo ni gawio la mwaka uliopita kugawanya kwa bei ya leo, kwa hiyo hupanda kampuni inapoongeza gawio, na hupanda vilevile bei inapoporomoka kwa sababu wanaoijua kampuni wameanza kuikimbia. Niliwahi kununua hisa za kampuni moja, ambayo sitaitaja, kwa kuvutiwa na asilimia 14, bila kufungua taarifa za miaka ya nyuma. Kumbe gawio lile lilitokana na kuuzwa kwa kiwanja. Mwaka uliofuata nilipokea barua ya mwaliko wa mkutano mkuu, basi. Tuandikie gawio la kila hisa kwa miaka mitano.

MkoroshoWaNewala
Ya kwanza: 40, 0, 35, 0, 120. Ya pili: 30, 36, 41, 48, 54.

HesabuZaLindi
Jumlisha, mkuu. Ya kwanza imetoa 195 kwa miaka mitano, ya pili 209, ingawa ndiyo yenye bei ndogo. Wastani wa ya kwanza ni 39 kwa mwaka, ambao kwa bei ya 1,000 haufiki hata asilimia 4.

Baada ya hapo, tazama gawio linatoka wapi. Benki ya NMB ilitoa takriban shilingi 286 kwa hisa kwa mwaka 2022, 361 kwa 2023 na 428 kwa 2024, na gawio hilo la mwisho lilikuwa karibu theluthi moja tu ya faida, hivyo faida ikiyumba bado kuna pa kuchota. Kampuni inayogawa karibu faida yote haina akiba hiyo. Usisahau pia bei yako mwenyewe ya kununulia: CRDB ilitoa 65 kwa mwaka 2024, na kwa aliyenunua kwa 400 hiyo ni zaidi ya asilimia 16, ilhali kwa anayenunua kwa 1,000 ni 6.5.

KijanaWaMsijute
Na Dangote? Malori yake tunapishana nayo kila siku.

HesabuZaLindi
Kiwanda kiko kwetu, hisa ziko soko la Nigeria. Kwa saruji, Dar es Salaam utaikuta Twiga.

BintiMasasi
Shikamoo mzee wa Mikindani. Naongeza mawili. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo 54 yako itafika ikiwa 51.30, na ukinunua baada ya daftari la wanahisa kufungwa, gawio la mwaka huo ni la aliyekuuzia. Kwa upande mwingine, hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali fedha kwa muda maalumu, zinaanzia shilingi milioni 1 na hulipa riba isiyobadilika kila baada ya miezi sita. Haipandi kama gawio zuri, lakini hakuna mkutano mkuu utakaoifuta. Kwa sisi ambao korosho hutulipa msimu mmoja tu, miezi ya malipo ina uzito wake.

MkoroshoWaNewala
Marahaba kwa niaba ya mzee, dada. Nimeamua milioni 1 iende kwenye hati fungani na milioni 1 kwenye hisa ya pili. Nikiondoa ada ya dalali napata hisa kama 1,080, na gawio likibaki 54, baada ya kodi ni zaidi ya shilingi 55,000. Kampuni hii imekuwa ikilipa mwezi Juni, wakati tunapulizia salfa na mfukoni hamna kitu. Angalau wapulizaji wa shamba la bondeni nitakuwa na cha kuwapa. Jumatatu nashuka Mtwara kufungua akaunti.