Njia ya kuingilia nyumba 140: kupanua ya kijiji au kukata mpya shambani?

MkaaziMagB
Assalaam alaykum. Baraza la manispaa linakusanya maoni kabla ya kuamua njia ya kuingilia mradi wa nyumba 140 nyuma ya kijiji, Magharibi B, Unguja. Mezani ziko tatu:
A – kupanua njia ya kijiji, mita 620, mbele ya skuli na msikiti. Upana mita 7, ila kona ya msikiti ni mita 4.3 ukuta kwa ukuta.
B – kukata mpya, mita 900, katikati ya minazi mpaka barabara kuu.
C – B itumike kwa malori ya ujenzi tu, kisha ifungwe na wakaazi wapite A.
Tuunge mkono ipi?

Bikoni
Waalaykum salaam. A mimi naifuta. Njia hupimwa palipobana. Gari mbili kupishana zinataka lami ya mita 5.5 hadi 6, mtaro kama mita 1, na mita 1.5 za waendao kwa miguu. Hapo umeshafika mita 8, una 4.3. Hata mkisema gari zipite kwa zamu, gari ya zimamoto inataka karibu mita 3.7 wazi, mtoto wa skuli atabakiwa na sentimita 60. Na ukuta ule kama kiwanja ni wakf (mali iliyotolewa kwa ajili ya dini), manispaa peke yake haiugusi, lazima Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana iwemo.

C ina uzuri mmoja. Kisieni gari 25 za mzigo kwa kila nyumba (matofali, mchanga, kokoto, saruji, bati): ni gari 3,500, kwenda na kurudi safari 7,000, zote nje ya kijiji. Ujenzi ukisha, nusu ya nyumba zikitoa gari moja moja asubuhi, gari 70 zinakutana na wanafunzi langoni. Yaani C ni A iliyocheleweshwa. Inabaki B.

BiUkuti
Bikoni, B unaipitisha haraka mno. Watu wakisikia ardhi ni ya umma chini ya sheria ya ardhi ya Zanzibar ya 1992 hudhani hakuna cha kulipa. Mwenye haki ya matumizi ana chake, na minazi inaweza kuwa ya mtu mwengine kabisa. Mti kwa mti uandikwe kabla tingatinga halijaingia: namba ya rangi kwenye shina, picha, jina la mwenyewe, na sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) awepo. Mnazi ukishang'olewa, ubishi wa ulikuwa unazaa au umekufa hauna mwisho.

Likiwa shamba la eka tatu, zile serikali ilizowagawia wananchi baada ya Mapinduzi, aliyeandikwa huenda keshafariki. Tafuteni warithi wote, si yule anayelima tu. Akiachwa mmoja akenda Mahkama ya Ardhi, kazi inaweza kusimama.

Kifusi
Upande wa ujenzi: kwenye uwanda (ardhi ya mawe ya matumbawe) jiwe liko karibu, msingi mzuri, ila gongeni chini kutafuta pango kabla ya kushindilia. Kwenye kinamo (udongo wa mfinyanzi) toeni udongo wote laini. Kifusi kiwekwe kwa tabaka za sentimita 15, kila moja imwagiwe maji na kushindiliwa. Mkandarasi mwenye haraka humwaga 40 kwa mkupuo. Rola hukaza juu tu, chini kubaki laini, masika ya kwanza barabara inatitia kwenye alama za magurudumu. Lami ya mita 6 katikati iwe juu kuliko ukingo kwa sentimita 9, maji yasikae.

Kalvati, yaani njia ya maji chini ya barabara: bomba la milimita 600 huziba kwa makuti na chupa. La 900 mtu anaingia kulisafisha. Ulizeni pia maji yanatokea wapi, maana michoro mingi mshale wa mtaro huishia ukingoni mwa karatasi.

Bikoni
BiUkuti, la fidia nakubali. Bado nasema B, kwa masharti. Barabara kuu iko chini ya Wakala wa Barabara, kwa hiyo makutano yanataka ruhusa yao. Kaeni garini mita 2.4 kutoka ukingo wa lami, lazima muone mita 70 kila upande kama gari za barabara kuu zinakwenda kilomita 50 kwa saa. Zikienda 80, karibu mara mbili.

Na muhtasari wa kikao uandike "ikamilike kabla ya nyumba ya kwanza kukabidhiwa". Wakiandika "sambamba na mradi", mtauziwa vumbi. B yenyewe ipimwe kama eneo la umma, iwekewe bikoni (alama za mipaka) na iingie kwenye ramani Kamisheni ya Ardhi. Ikibaki ndani ya kiwanja cha mwekezaji, kesho atatia geti.

MkaaziMagB
Ahsanteni. Tukipata B, A tuifanye nini? Gari zitapita humo humo kufupisha safari.

Kifusi
Kona ya msikiti wekeni nguzo mbili za bomba la chuma, za kuchomoa, zinazokaa kwenye tundu la zege lenye kufuli. Mita 4.3 inagawika nafasi tatu za mita 1.3 na kitu: pikipiki na mkokoteni mdogo vinapita, gari haipiti. Ufunguo mmoja kwa sheha, mmoja msikitini kwa ajili ya jeneza, mmoja zimamoto. Tundu litobolewe chini maji yatoke, la sivyo nguzo itaota kutu na siku ya moto haichomoki.