MREJESHO: Daladala iliyomvunja mguu mdogo wangu

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kuhusu daladala iliyorudi nyuma bila konda kuangalia, ikamgonga mdogo wangu hapo anapouzia miwa. Mwenye gari alitujibu, "Mtafuteni dereva, mimi sikuwepo." Nikauliza kama bima ndogo inamhusu majeruhi.

Inamhusu, tena ndiyo kazi yake. Gari lenyewe hata likibondeka halilipwi senti; anayelipwa ni yule aliyeumizwa. Na mwenye gari hachomoki kwa kuwa hakuwepo, maana dereva alikuwa akimfanyia kazi yeye mwenye gari. Aliponiona na wakili, ile jeuri ikaisha, akaanza kuniita "ndugu yangu".

Namba ya gari niliihakiki kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima), bima ilikuwa hai. Kilichotubeba ni karatasi: PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), ripoti ya trafiki, ramani ya ajali, risiti za hospitali. Risiti za bajaji nilizitupa, najuta mpaka leo.

Kampuni ya bima ikaja na hoja kwamba dogo naye alizembea, meza ilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Iliniuma, ila wakili alisema hoja hiyo ina mguu wa kusimamia: haifuti dai, inalipunguza. Tukabishana wiki kadhaa, wakakata sehemu, tukasaini.

Aliyeniambia tusubiri kwanza kesi ya trafiki iishe, hapana mkuu. Dai la madhara lina miaka 3 tu kisheria, na kesi zetu mnazijua.

Dogo anatembelea fimbo moja sasa. Miwa kahamishia ndani ya uzio.