Mtambo wa gesi ya maji (HHO) kwenye Scania ya dizeli, kuna anayeujua ukweli wake?

TelaMbili:
Wakuu habari za leo, naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela. Nina semi mbili zinapiga Dar Tunduma na mara mojamoja zinavuka Zambia, zote Scania za zamani za lita 12. Wese ndo linanimaliza, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, wakitoa bei mpya mimi tumbo joto. Sasa kuna fundi kaniletea habari za mtambo anaoutengeneza mwenyewe, ni kopo la chuma ndani lina sahani za stenlesi, unaweka maji na kostiki kidogo (ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni), unavuta umeme kwenye betri, maji yanageuka gesi ya haidrojeni na oksijeni alafu mpira unaingizwa kwenye njia ya hewa kabla ya tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Anasema dizeli inaungua yote haibaki kitu na nitaokoa asilimia 25 mpaka 30. Alinionyesha pale pale gereji, akapuliza gesi kwenye ndoo ya povu la sabuni akawasha, ulitoka mlio mpaka majirani wakaja kuangalia, kwahiyo gesi ipo na ni kali hilo sibishi. Ninachouliza ni kama kweli inapunguza mafuta kwenye dizeli, haitaniulia injini, na nikitaka kupima mwenyewe nipimeje ili nisidanganyike? Asanteni.

Faita_wa_Moro:
Kaka funga tu. Mimi ninao kwenye Fuso Faita napiga nao Morogoro Dodoma na mizigo ya mahindi, moshi mweusi umepungua sana na gari naiona nyepesi kwenye kilima. Mafuta yameshuka, dereva wangu mwenyewe anakiri. Na hii kitu haijaanza leo, hata NASA walishaifanyia utafiti mwaka 1977 wakaona injini ikichanganyiwa haidrojeni inaungua vizuri. Wanaopinga wengi hawajawahi hata kuugusa huo mtambo.

Nozeli_Uyole:
TelaMbili mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Mimi kazi yangu ni pampu na nozeli za dizeli, na hiyo mitambo imepita hapa kwangu mingi, naomba nikupe hesabu uipige mwenyewe na simu yako usimwamini mtu yeyote hata mimi.

Semi yenye mzigo tuseme inakwenda kilomita 2 kwa lita, mwendo wa wastani 50 kwa saa, hapo inakunywa lita 25 kwa saa. Lita moja ya dizeli ina nguvu kama megajuli 36. Sasa njoo kwenye mtambo. Gari lako ni la volti 24, likiwaka alteneta inatoa kama 28, fundi atakupangia vyumba 12 kwenye hilo kopo na atavuta tuseme ampia 20, hiyo ni wati 560. Kwa umeme huo utapata gesi kama lita 2.7 kwa dakika, na usisahau theluthi moja ni oksijeni, haidrojeni yenyewe ni lita 1.8. Ukiikusanya haidrojeni ya saa zima, nguvu yake ni sawa na dizeli mililita 30. Vijiko viwili vya chakula! Wakati huo gari limeshakunywa lita 25.

Na hivyo vijiko viwili sio vya bure. Umeme hautoki hewani, unatoka alteneta, alteneta inazungushwa na mkanda, mkanda unazungushwa na injini inayokula dizeli ile ile. Alteneta inapoteza karibu nusu ya inachopewa kama joto, injini nayo inapoteza zaidi ya nusu. Ukirudi nyuma mpaka kwenye tenki utakuta umeunguza karibu robo lita ya dizeli kwa saa ili upate gesi ya mililita 30. Ni hasara kila saa gari linapotembea, ndogo kiasi kwamba huioni kwenye tenki, ndio maana mtu anaweza kukaa nao mwaka mzima asistuke.

Hapo watakwambia gesi sio mafuta, ni kichocheo, inasaidia dizeli iungue yote. Sikiliza, injini ya dizeli iliyo nzima tayari inaunguza zaidi ya asilimia 98 ya dizeli inayoingia. Hakuna asilimia 25 iliyolala mle ndani inasubiri haidrojeni ije iiamshe. Nguvu inayopotea inapotea kama joto, kwenye ekzosi na kwenye rejeta, na hilo gesi haiwezi kulirudisha. Alafu angalia kiasi chenyewe. Injini ya lita 12 kwenye mizunguko 1400 inavuta hewa lita 8400 kwa dakika kabla tabo haijaongeza yake. Wewe unaiwekea lita 2.7, yaani sehemu tatu katika elfu kumi. Haidrojeni ili iweze hata kushika moto peke yake kwenye hewa inatakiwa ifike asilimia 4.

Faita_wa_Moro, ule utafiti wa NASA upo kweli na ni wa mwaka huo uliotaja, ila ulifanywa kwenye injini ya petroli, na haidrojeni ilitoka kwenye mitungi na kwenye mtambo unaochemsha methanoli, tena ilikuwa zaidi ya nusu kilo kwa saa. Mtambo wa kopo unatoa kama gramu 9 kwa saa. Faida waliyokuwa wanaitafuta ni injini ya petroli iweze kuwaka ikiwa na hewa nyingi na mafuta kidogo, sasa dizeli siku zote inafanya hivyo, imezaliwa hivyo.

Moshi mweusi ukiuona, mafuta yanazidi hewa. Filta ya hewa imeziba, au nozeli zinakojoa badala ya kunyunyiza, au bomba la tabo kwenda intakula (kile kipoza hewa) limepasuka na upepo unavuja. Niliwahi kuletewa semi inayofuka ina mtambo mpya kabisa unang'aa, kumbe ile hozi ya intakula ina ufa unaingiza kidole. Tulibadilisha hozi, mtambo tukauacha umezimwa, moshi ukaisha.

Pwani_Transit:
Salaam kutoka Mombasa. Mwenzangu hapo juu amemaliza upande wa mafuta, mimi nataka kusema kuhusu usalama maana hapo ndipo watu wanacheza. Hiyo gesi inatoka haidrojeni na oksijeni zikiwa pamoja, tayari zimechanganyika kwa kipimo kile kile cha kulipuka. Haihitaji hewa ya nje, cheche ndogo hata ya umeme wa nguo inatosha. Mtungi wa gesi ya jikoni una nafuu, mle ndani hakuna oksijeni.

Makanika wengi huku wanafunga bila swichi inayojizima. Lori likisimama na ufunguo ukibaki on, mtambo unaendelea kutoa gesi, injini haivuti, gesi inajaa kwenye kopo la filta ya hewa. Dereva akija kupiga stata... nimeliona kopo la filta lililopasuliwa hivyo, plastiki ilikuwa imetawanyika hadi chini ya kebini na kijana aliyekuwa amefungua boneti alipata majeraha ya mkono. Lazima kuwe na relei inayowasha mtambo pale tu alteneta inapochaji, lazima gesi ipite kwenye chupa ya maji kwanza, na lazima kuwe na ile vali ya kuzuia moto kurudi kama ya welda. Fundi wako ana hivyo vitu?

Na muulize anaweka nini kwenye maji. Kostiki inachoma ngozi na macho vibaya sana, utingo wako ndiye atakayekuwa anaongeza maji usiku barabarani bila glavu. Wengine wanatia chumvi ya kupikia, hiyo ndiyo mbaya kabisa, inatoa klorini, ni sumu. Hata sahani za stenlesi zikiliwa zinaacha maji ya rangi ya njano au kahawia yenye kromiamu ya sumu na watu wanayamwaga hapo hapo yadi ambapo kuna mama anauza chai.

Faita_wa_Moro:
Nozeli_Uyole nimekusoma mkuu, hesabu sina ya kuipinga. Lakini mimi mafuta yangu yalishuka kweli, sasa utaniambia yalishuka kwa sababu gani?

Nozeli_Uyole:
Hilo ni swali zuri na sikatai kwamba yalishuka. Siku mtambo unafungwa fundi alifanya nini kingine? Mara nyingi wanasafisha filta, wanabadilisha oili, wanagusa nozeli. Dereva naye akishaambiwa tunapima mafuta anaanza kuendesha kwa adabu. Na niseme wazi kwa sababu sote tunaijua hii biashara, bosi akianza kuandika lita kila safari, yale mafuta yaliyokuwa yanashushwa kwa madumu njiani yanapungua yenyewe. Jaribu kuuzima mtambo miezi miwili ila daftari endelea nalo hivyo hivyo, utuletee majibu.

Daftari_la_Safari:
Kwenye kupima naomba nichangie maana nasimamia magari ya watu. Weka swichi ya mtambo mahali dereva hapaoni, safari hii wewe unawasha, inayofuata unazima, bila kumwambia. Tenki jaza mpaka shingoni pampu ile ile kuondoka na kurudi. Mzigo usikadirie, chukua karatasi za mizani ya Vigwaza zina uzito halisi, linganisha safari zenye tani zinazokaribiana tu. Safari moja haisemi kitu, foleni ya Tunduma peke yake au kupanda mlima Kitonga nyuma ya lori bovu kunaharibu hesabu yote. Fundi akikataa kipimo cha namna hii, au akikubali lakini anataka hela yote kwanza, hapo umeshajua.

Marekani mwaka 2009 tume yao ya biashara ya FTC iliwapeleka mahakamani watu waliokuwa wanauza kifaa cha aina hii kwa ahadi za kupunguza mafuta, kwahiyo maneno ya fundi wako yana umri mrefu.

Ukitaka gesi inayofanya kazi kweli kwenye malori basi tazama gesi asilia, Dangote kule Mtwara wana malori yanayotembea na CNG. Hata haidrojeni inawezekana, wahandisi wa chuo kikuu cha New South Wales Sydney walitangaza mwaka 2022 injini ya dizeli inayotumia haidrojeni asilimia 90, ila wao wanaipiga ndani ya silinda moja kwa moja kwa presha kubwa, na haidrojeni inaletwa kutoka nje, haitengenezwi na alteneta ya gari hilo hilo.

TelaMbili:
Nawashukuru sana wakubwa, mmeniokoa. Nimempigia fundi nikamuuliza ile relei na vali ya kuzuia moto, akasema hayo ni mambo ya kizungu, nikamwambia basi tuache kwanza. Gari moja linafuka kweli likipanda, nitaanza na hozi ya intakula na filta kama ulivyosema Nozeli_Uyole, alafu safari ijayo likipita Mbeya nataka nozeli zishushwe zipimwe. Naweza kulileta kwako Uyole likiwa na mzigo au mpaka lirudi tupu?

Nozeli_Uyole:
Lilete hata na mzigo, nozeli zinatoka gari likiwa limesimama na tela lake. Nitumie ujumbe inbox siku moja kabla nikupangie nafasi kwenye mashine ya kupimia, na mwambie dereva asizime injini getini, aniachie kwanza niisikilize ikiunguruma ikiwa na moto.