Naomba ushauri: mashindano ya usalama wa kompyuta chuoni, zimebaki siku tisa na kuran (umeme) haieleweki

Mwana_Katuba
Jambo ba yaya na wakubwa wote. Niko L3 (mwaka wa tatu) informatiki, chuo kimoja hapa Lubumbashi, jina naliacha. Tuko wanafunzi wanne tunaandaa mashindano ya kushika bendera, yale wenyewe wanaita CTF: unapewa fumbo, ukilitegua unakuta neno lililofichwa, unalileta, unapata alama. Timu 12 za watu watatu, Jumamosi moja, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Kila timu imelipa dola 10, kwa hiyo mkononi tuna 120. Maswali 20 yako tayari: maandishi ya siri, tovuti zenye tundu (udhaifu wa usalama tuliouweka kusudi), picha zilizofichiwa maneno.

Shida ni kuran. Wiki hii mtaani kwetu imeenda siku nne kati ya saba. Jenereta ya kukodi wananiomba dola 40 bila esansi (petroli), na mega za intaneti za watu 36 zitatumaliza. Nikodi au nisogeze tarehe? Tangu Jumatatu silali vizuri.

Fundi_Kamalondo
Mdogo wangu, piga hesabu kwanza, uoga baadaye. Laptopu moja ikichajiwa inakula kama wati 65. Ruhusu mashine moja kwa kila timu, zote 12 ni 780. Ongeza ruta na mashine ya maswali, bado hujafika 1,000. Jenereta ndogo ya kVA 2 inabeba mzigo huo bila kulalamika, ilimradi mtu asichomeke birika la chai. Mashine ya maswali iwekee onduleri (betri ya kuishikilia kuran ikikatika) yake peke yake. Na esansi usijaze jenereta ikiwa inanguruma! Jirani yangu wa mtaa wa Ruashi alifanya hivyo usiku wa matanga, mkono wa kuume mpaka leo haunyooki. Alikuwa fundi kunishinda mimi.

Yaya_BelAir
Intaneti hauihitaji kabisa. CTFd ni programu ya bure ya kuendesha mashindano kama haya, inakaa kwenye laptopu moja. Pakua kila kitu usiku mmoja, halafu siku yenyewe ni ruta na nyaya tu, bila mega hata moja. Sisi tulifanya hivyo na timu 8, mvua ikapiga bati mpaka matangazo tukawa tunaandika ubaoni, lakini mtandao haukukatika.
Ila niambie: tovuti zako zenye tundu zinakaa kwenye mashine gani?

Mwana_Katuba
Aksanti sana yaya. Mashine ipo, haina shida. Fundi, kVA 2 itatosha hata nikiweka projekta?

Mama_Kampemba
Mutoto wangu, mimi kompyuta sizijui, lakini falanga za watoto wa watu nazijua. Dola 10 kwa mwanafunzi wa siku hizi ni bukari (ugali) ya wiki. Andika kila mtu aliyetoa, aweke sahihi. Kijana wangu alishika falanga za promosyo (darasa lao), CP, kiongozi wa darasa, akasafiri na daftari, mwanangu akaitwa mwizi miezi miwili. Daftari lilipopatikana hakuna aliyekuja kumuomba msamaha.

Yaya_BelAir
Mwana_Katuba, mashine gani?

Mwana_Katuba
Ni serveri ya chuo. Asistenti (mwalimu msaidizi) mmoja alitupatia neno la siri, kwa mdomo. Yaya, laptopu yangu ina GB 4 tu za memori, ile ina 16 na onduleri kubwa. Maswali 6 ya tovuti tumeshayaweka. Sioni kosa, ni mashine ya chuo kwa shughuli ya wanachuo.

Yaya_BelAir
Na nini kingine kinakaa humo?

Kijana_Kenya
Hii ni mara ya tatu anaulizwa. Kama Petro, tusikilize jogoo 😂

Mwana_Katuba
Pointi za mitihani. Za section (idara) nzima.

Jumanne usiku mwenzetu mmoja alikuwa anajaribu swali la 4. Tundu tuliloliweka wenyewe likamtoa nje ya swali. Skrini ikajaa mistari: namba ya matrikule (usajili wa mwanafunzi), somo, pointi juu ya 20. Mistari mingi, inashuka tu. Alifunga laptopu kwa mikono miwili, tukabaki kimya, hakuna wa kumwangalia mwenzake. Hatukugusa kitu. Nimeshaandika kwenye kanuni kwamba ni marufuku kutoka nje ya maswali, na washindani tunawajua.

Wakili_wa_Mtaa
Kanuni zako hazizuii kitu. Nchi ina Sheria ya Dijitali, Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na kuingia kwenye mfumo wa mtu mwingine bila idhini ni kosa la jinai. Neno la siri la kupewa kwa mdomo, siku ya matatizo yule asistenti atasema hakukupa. Unatoboa ukuta wa nyumba kwa ajili ya mchezo, halafu unawaita watu 36 na kuwaomba wasiangalie chumbani.

Tomaso_asiyeona
Wakubwa, tunapotezewa wakati. Hadithi hii ni ya kutunga. Nani anampa mwanafunzi neno la siri la serveri ya pointi? Mtu mwenye hofu ya kweli angeanza na pointi, huyu ameanza na jenereta. Mimi nasoma hivi: mashindano hayapo. Kuna kijana ameshaingia kwenye pointi, sasa anatafuta uzi wa kuja kuonyesha kwamba ilikuwa ajali. Muulizeni yeye mwenyewe ana pointi ngapi.

Mushi_wa_Kadutu
Kupewa neno la siri si ajabu, Tomaso. Nilipofanya staji (mafunzo ya kazi) Bukavu, neno la siri la mashine ya malipo lilibandikwa kwa skochi chini ya klavye (kibodi). Hata mama aliyepiga deki alilijua, ndiye alikuwa akiwakumbusha wakubwa wakilisahau.

Kijana_Kenya
Mimi nafuta utani wangu. Ila swali la Tomaso nami nalitaka.

Mwana_Katuba
Nina 8 juu ya 20 kwenye somo la mitandao. Matrikule yangu niliiona kwenye ile skrini, mstari wa tatu kutoka chini. Ndiyo sababu nilianza na jenereta. Nilijua nikitaja pointi, kila mtu atawaza anachowaza Tomaso, na mama yangu anauza vitoyo (samaki wa chumvi) sokoni ili mimi nilipe minervali (ada ya chuo).

Mashindano yapo. Swali la kwanza kabisa, la kuwapa moyo wanaoanza, ni hili: S2FyaWJ1

Tomaso_asiyeona
Base64, namna ya kugeuza maandishi kuwa herufi nyingine. Nimefungua, imetoka "Karibu". Sawa, maswali yapo. Kwamba hukugusa ile 8, hilo bado sijaliona.

Yaya_BelAir
Atakayelionyesha ni serveri yenyewe. Mwana_Katuba, zima hayo maswali 6 leo, lakini kumbukumbu za serveri usifute hata mstari mmoja. Humo ndimo iliandikwa nani aliingia, saa ngapi, akafanya nini. Ukizifuta kwa woga, umejifunga mwenyewe.
Kisha barua. Siku, saa, kilichoonekana, nyote wanne mtie sahihi. Iende kwa chef (mkuu) wa section, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ile 8 ipiganie kwenye kikao cha pili cha mitihani kama wengine.

Mwana_Katuba
Lakini yaya, asistenti atafukuzwa. Alitusaidia kwa moyo mweupe. Na timu zimeshalipa. Nilifikiri nifunge lile tundu la swali la 4 tu, niendelee na mengine matano.

Mama_Kampemba
Mwendee yeye kwanza, uso kwa uso. Asisikie barua kwa watu.

Yaya_BelAir
Mama amesema. Na matano hayo uliyajaribu yote kama la 4? GB 4 zinatosha CTFd kwa timu 12. Punguza tovuti zibaki mbili nyepesi, kwenye laptopu nyingine, na laptopu hiyo isigusane na mtandao wa chuo.

Mwana_Katuba
Narudi baada ya siku tatu. Asistenti nilimkuta getini saa moja asubuhi. Alisoma barua mara mbili akiwa amesimama, akaniomba kalamu, akaongeza kwa mkono wake kwamba neno la siri alilitoa yeye. Muhuri tumepigiwa. Jibu bado, serveri imezimwa tangu jana na section nzima inauliza kwa nini. Mwenzetu mmoja amejitoa. Timu mbili zimerudishiwa dola zao, kwa sahihi.

Tumesogeza kwa wiki mbili. Maswali yamebaki 16, yote kwenye laptopu mbili. Ninachokosa sasa ni swichi ya mtandao, ya kuunganisha nyaya za laptopu. Nani anaweza kuniazima?

Fundi_Kamalondo
Ninayo ya milango 16, mlango mmoja umekufa. Kuya (njoo) kesho kabla ya saa kumi, na uje na waya wako tuijaribu kuran ikiwepo.